Mwenyekiti Lazima Afike Ametulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimekaa kitandani saa nzima, kalamu mkononi, nautazama ukuta.

Bibi amegoma kutembea!

Shangazi alipiga simu wakati wa chakula cha mchana, Baba akaweka spika. Akasema nyonga ya Bibi imepona vizuri, mshono umekauka, daktari ameridhika. Mtaalamu wa viungo amemletea fremu ya chuma ya kutembelea, akamwagiza apige hatua kumi kila asubuhi. Na Bibi ameitazama ile fremu, akaitundikia taulo, akasema hainuki kwenye kiti mpaka aletewe paka wake. Leo ni siku ya tisa. Mtaalamu kasema wiki hii ikipita hivi hivi misuli italegea, na huenda asitembee tena. Maisha yake yote.

Baba aliacha kutafuna.

Kisha nyuma ya Shangazi nikasikia sauti nyingine, laini, ya polepole, ikisema isiwe tabu, yeye atapanda basi Jumamosi aje amchukue paka. Shwari! Binamu yangu, binti wa Shangazi, muuguzi. Ukoo mzima unamwita Shwari kwa sababu hajapandisha sauti tangu azaliwe. Bibi alipelekwa kwao baada ya operesheni kwa sababu yake. Yeye anamwogesha, yeye anamlisha. Sasa na paka amlete yeye? Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeiinamia simu, napiga kelele kwamba hapana, paka nitamleta mimi, Jumamosi, kwa gari, akiwa ametulia kama picha ukutani.

Shangazi akasema haya, tushike neno hilo hilo: ametulia. Paka kichaa hamtaki nyumbani kwake. Paka huyo ndiye aliyemwangusha mama yake kwenye ngazi, na akifika na vituko, hata kimoja, saa hiyo hiyo anampa mwenye mashine ya kusaga, ambaye ana panya wengi na hana huruma.

Baba alikata simu, akaniuliza kama naikumbuka safari ya mwisho ya Mwenyekiti ndani ya gari.

Naikumbuka. Mwenyekiti ndiye paka. Bibi alimpa jina hilo kwa sababu akishakalia kiti haondoki hata waje wageni kumi. Safari ilikuwa ya dakika kumi, kwenda kwa daktari wa wanyama. Alilia kama king'ora, akatapika juu ya gia, akakojoa kwenye kiti, akamalizia kwa kujibanza chini ya pedali. Kwa Shangazi ni mwendo wa saa sita.

Na gari lenyewe! Baba ni mwalimu wa udereva. Gari letu lina herufi L kubwa nyekundu juu ya paa, na lina pedali pande mbili: upande wa mwanafunzi, na upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akipotewa na akili Baba afunge breki kutoka kwake. Mimi nimefeli mtihani wa udereva mara mbili. Aliyenifundisha ni Baba. Hatulizungumzii jambo hilo mezani.

Sasa niandike ukweli hapa mara moja, nisiuandike tena. Mwenyekiti hakumwangusha Bibi. Siku ile niliacha sanduku la vitabu vyangu kwenye ngazi. Kwa muda tu. Wazo lilikuwa limenijia, nikakimbia kuliandika. Nikasikia kishindo. Nilipofika, Bibi yuko chini, paka amesimama juu yake anamnusa uso, na Baba anapiga kelele, "Paka huyu! Paka huyu!" Wakati Bibi anainuliwa nililihamisha sanduku. Sikusema kitu. Wiki ya tano sasa, sijasema.

Paka lazima afike ametulia.

Jumanne, 4 Machi

Hofu ni kitu ninachokijua. Nimeandika tasnifu ya kurasa mia na themanini juu ya hofu ya wanafunzi ndani ya chumba cha mtihani, na ilipita bila marekebisho makubwa. Paka ni nini mbele ya kurasa mia na themanini?

Nimechora jedwali lenye hatua kumi na nne, kuanzia "Mhusika analiona gari kwa mbali" mpaka "Mhusika anasafiri kwa furaha". Siku ni chache, kwa hiyo nimeanzia hatua ya tano.

Baba alipokuja kula mchana niliingia garini na Mwenyekiti, nikafunga milango. Nikapanga vipande vya samaki kwenye kiti cha mwanafunzi, kimoja kimoja, kuelekea usukani. Nikamsomea sura ya tatu ya tasnifu kwa sauti ya chini. Akala kipande cha kwanza! Akala cha pili! Akaniangalia. Niliona kabisa kwamba tunaelewana. Machozi yalinilengalenga.

Hapo Mwalimu Mkuu akafungua mlango.

Huyu ni mwanafunzi wa Baba, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa suti na kofia, aliyekata shauri kujifunza udereva uzeeni. Alikuja mapema. Hakutazama kiti. Alikalia vipande sita vya samaki kwa uzito wake wote, akanisalimia kwa heshima, akauliza kama na mimi ni mwanafunzi mwenzake. Mwenyekiti akapita juu ya kichwa chake na kutokea mlangoni. Juu ya kichwa! Kofia ilikwenda naye.

Baba alipotoka nje alimkuta mzee hana kofia, suruali inanuka, na mimi nimeshika karatasi namweleza kwamba kwa ujumla matokeo yanatia moyo. Akaniambia, "Profesa, shuka." Profesa ndilo jina analoniita akikosa la kusema.

Kofia imepatikana juu ya tangi la maji. Paka pia.

Jumatano, 5 Machi

Mwandiko huu si wangu.

Hatua ya tisa: sauti ya injini. Gari lilikuwa uani, Baba alikuwa anaoga. Kuwasha injini si kuendesha; hilo hata sheria inalikubali, nadhani. Mwenyekiti nilimweka kwenye kiti cha mwalimu, nikamfunga mkanda, nikamweleza kwa upole kitakachotokea. Nikazungusha ufunguo.

Sikuangalia gia. Kwa nini sikuangalia gia? Kitu cha kwanza ambacho Baba humwambia kila mwanafunzi, kabla hata ya kumuuliza jina, ni angalia gia!

Gari liliruka. Liliruka kama chura, mara tatu, likagonga pipa la maji, likazimika. Ua mzima ukawa bwawa. Nilipogeuka, mkanda ulikuwa umefungwa vizuri sana na ndani yake hamna paka. Milango imefungwa. Vioo vimepandishwa. Paka hayupo.

Nilidhani nimerukwa na akili. Nilitafuta chini ya viti, nyuma ya viti, ndani ya mkoba wangu. Kisha dashibodi ikaanza kulia.

Alikuwa amejipenyeza nyuma ya dashibodi, katikati ya nyaya, kupitia tundu ambalo ngumi yangu haipiti! Baba alikuja na taulo kiunoni na povu kichwani. Akasikiliza. Akaenda kuleta bisibisi. Kazi ilichukua saa mbili na nusu. Alifungua redio. Alifungua kipimo cha mwendo. Mwalimu Mkuu alifika kwa somo lake, akavua koti, akashika tochi, akasema hajawahi kuliona gari kwa ndani kiasi hiki na kwamba anajifunza mengi. Sijui kama alikuwa ananisaidia au ananimaliza.

Paka alipotoka, amejaa vumbi na utando wa buibui, alimpita Baba, akampita Mwalimu Mkuu, akasimama mbele yangu mimi, akatoa ile sauti. Ile ya nyoka.

Baba akasema sasa tuna wawili nyumbani waliofeli. Alisema kwa mzaha. Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Nimedhalilishwa mbele ya mbuzi.

Nilikwenda kwa daktari wa wanyama peke yangu, kwa miguu, bila mgonjwa, kuomba dawa ya usingizi. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu ya kucha. Swali lake la kwanza lilikuwa paka yuko wapi. Nikamwambia yuko juu ya kabati, hashuki. Akauliza tukiwa safarini ninamshika vipi. Nikamweleza kwa kirefu: ninamkumbatia kwa nguvu ili asijione mpweke, ninamtazama machoni, ninamsemesha bila kupumzika, na gari likikata kona ninabana pumzi. Akaniomba ninyooshe mikono mbele. Nikanyoosha. Ilitetemeka mpaka bangili zikalia.

Akasema dawa hatatoa. Akaniambia hivi, nayanukuu maneno yake kama yalivyo kwa sababu sitayasahau: "Paka wako anaogopa kiasi, kama paka yeyote. Lakini kila akikutazama wewe anaona kuna jambo baya sana linakuja. Na anakuamini."

Ananiamini! Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha wageni, mdomo wazi. Kulikuwa na mbuzi ameletwa kukatwa kwato. Alinitazama kwa huruma ambayo sikumwomba.

Maagizo yake: paka asile asubuhi ya safari. Awekwe ndani ya kikapu chake chenye mlango wa waya, kikapu kifungwe mkanda na kufunikwa kwa nguo yenye harufu ya mwenye paka. Kisifunguliwe njiani kwa sababu yoyote. Nisimpe kitu cha kunywa cha binadamu. Na mimi nikae mbali naye, na ninyamaze. Basi! Hakuuliza hata nimesomea nini.

Nilipofika nyumbani, simu. Shwari. Kwa sauti yake ile ya maziwa ya vuguvugu akaniambia, "Dada yangu, hebu jaribu kumfunika na mtandio wa Bibi, ule wa zambarau uliobaki nyuma ya mlango. Na asubuhi usimpe chakula." Neno kwa neno! Hawa watu wamewasiliana? Nilimjibu asante sana, utaratibu wangu umekamilika. Akasema sawa, Bibi anawasalimu. Nikauliza Bibi anaendeleaje. Akasema leo amekataa hata kuitazama fremu, na mguu umeanza kuwa mwembamba.

Nilikaa sakafuni baada ya hapo. Sikumbuki kwa muda gani.

Lakini mtandio sitautumia. Nitatumia joho langu la mahafali. Ni jeusi, ni pana, linazuia mwanga, na lina harufu ya mafanikio.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeharibu. Au sijaharibu. Sijui, na kutokujua ndiko kunakoniua.

Asubuhi nilinunua majani ya kutuliza moyo kwa mama mmoja anayeuza mitishamba. Daktari alikataza kitu cha binadamu. Majani si ya binadamu, majani ni ya mti. Nilichemsha birika zima. Mwenyekiti alinusa bakuli, akalipindua kwa mguu mmoja, akaondoka. Nikanywa mimi. Kwanza ili kupima kipimo. Kisha kwa sababu yalikuwa matamu.

Niliamka saa kumi jioni juu ya zulia la sebuleni, ua la zulia limejichora shavuni. Mwenyekiti alikuwa amelala kifuani pangu. Kwa hiari yake! Anakoroma! Jambo hilo ningelifurahia sana kama Baba asingekuwa amekaa kwenye kochi, ananitazama.

Akaniambia Bibi alipiga simu saa nane, akataka kuongea na mimi. Yeye akaniwekea simu sikioni, akidhani naisikia. Na mimi nikaongea. Nikamuuliza niliongea nini. Akasema hakuna cha maana: niliguna, nikataja vitabu, nikataja ngazi, nikaguna tena.

Nilitaja ngazi!

Nikauliza Bibi alijibu nini. Akasema Bibi alicheka, akasema mwacheni alale. Alicheka! Mtu ambaye Shangazi anasema hajatabasamu tangu agome! Baba akaendelea kunitazama, kisha akauliza, polepole, kama kuna kitu nataka kumwambia. Nikamwambia ndiyo, kipo: kesho tutumie joho, si mtandio.

Kwa nini Bibi alicheka?

Jumamosi, 8 Machi, jioni, kwa Shangazi

Tumefika. Tuko hai. Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba alishika usukani, kwenye kiti cha mwanafunzi, mahali ambapo hakai kamwe. Alivishikashika vitu kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Mimi kiti cha mwalimu, kikapu mapajani, joho juu ya kikapu. Daktari alisema nikae mbali, lakini gari lina upana gani?

Saa ya kwanza Mwenyekiti alilia. Nikamsemesha. Akazidisha. Nikazidisha. Baba alinyoosha mkono awashe redio, akakumbuka kwamba redio haijapona tangu Jumatano. Kisha paka akanyamaza ghafla. Kimya kabisa. Sasa mtu msomi akisikia kimya kama kile afanye nini? Nilitaka tu kuhesabu pumzi zake. Nikafunua joho. Nikafungua mlango wa waya, upana wa vidole viwili.

Alipita kwenye vidole viwili! Paka wa kilo tano! Alimiminika kama maji, akashuka miguuni, akajibanza nyuma ya pedali za mwalimu. Nikainua mguu nisimkanyage. Gari likapita kwenye tuta. Mguu ukashuka, na uliposhuka ukatua juu ya breki.

Nimemfungia breki baba yangu. Kwenye barabara kuu, kilomita themanini kwa saa, yeye akiwa ndiye dereva.

Matairi yalipiga yowe. Joho likaruka likamfunika Baba kichwa chote. Nyuma yetu kulikuwa na lori la magodoro. Lilitukwepa kwa unene wa karatasi, godoro moja likadondoka mbele yetu, nasi tukasimama nusu barabarani, nusu majanini. Dereva wa lori alirudi kuchukua godoro lake. Akaisoma ile herufi L juu ya paa, akamtazama Baba, mvi zake zimechomoza kwenye joho la mahafali, akamwambia, "Pole, mzee wangu. Utajua tu, usikate tamaa."

Miaka thelathini Baba anafundisha! Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumfanyia hivi.

Alishuka, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara. Hakunigombeza, na ndiyo maana niliogopa. Nilimfuata, nikasema Baba. Hakunitazama. Akasema, "Mimi nataka mama yangu atembee. Hicho tu. Sitaki kingine." Uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo. Sikuwahi kuuona uso ule. Habari ya ngazi ilinipanda mpaka kwenye meno. Nikafungua mdomo, nikasema angalau tumejua breki ni nzima.

Aliinuka. Akafungua buti, akatoa mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na mtandio wa zambarau. Alikuwa ameuficha! Yeye na Shwari wamenilia njama! Akamtoa Mwenyekiti chini ya pedali kwa mkono mmoja, akamtia kikapuni, akakifunga kikapu mkanda kwenye kiti cha mwalimu, akakifunika mtandio. Mimi akaniweka nyuma, pamoja na joho langu. Akasema asisikie sauti yangu mpaka nilione geti la Shangazi.

Na yule paka akalala. Kwa muda wa saa nne na nusu, hakutoa hata mlio. Nilimchungulia mara moja pembeni mwa mtandio: mkono mmoja ameunyoosha, mdomo wazi kidogo. Nikageuka nikatazama miti. Sijawahi kujiona sihitajiki kiasi kile.

Tukafika. Bibi yuko sebuleni kwenye kiti, amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Fremu iko pembeni, ina taulo. Shangazi amekunja mikono. Shwari ana trei ya juisi. Baba alitaka kukibeba kikapu. Nilimsihi, tafadhali Baba, ni kutoka hapa mpaka pale tu, acha nimfikishe mimi. Akaniachia, nadhani kwa uchovu.

Mlangoni kuna kizingiti. Hakuna aliyeniambia kuna kizingiti!

Kikapu kilitua kabla yangu. Mlango wa waya ukafunguka. Mwenyekiti aliamkia hewani. Akapita juu ya trei, akapita juu ya meza, akapanda pazia jipya la Shangazi mpaka kwenye bomba la kutundikia, akaning'inia huko juu kwa kucha zote kumi na nane, king'ora kimefunguliwa. Pazia likaanza kuchanika. Taratibu. Tulikuwa tunalisikia.

Shangazi alichukua simu, akabonyeza namba ya mwenye mashine. Tukaisikia inaita. Huku inaita anasema yeye alishasema, alisema mapema, mnyama huyu alimwangusha mama yake na sasa anataka kuiangusha nyumba.

Mimi nimelala kifudifudi, juisi inanitiririka shingoni, na ninajua kwamba sentensi moja inamwokoa paka. Ninayo. Ni fupi. Nikainua kichwa. Nikasema kwamba kitaalamu, tabia ya kupanda juu ni dalili kuwa mhusika ameanza kuyazoea mazingira.

"Kilikuwa kitabu cha kijani," Bibi akasema.

Wote tukamgeukia.

"Cha kijani, kizito, juu ya sanduku, kwenye ngazi ya tatu. Nilikikanyaga mwenyewe. Paka alikuwa jikoni, alikuja aliposikia nimeanguka. Weka simu chini, mwanangu." Kisha akanitazama mimi pale sakafuni. "Nilikuwa nangoja nione utasema lini, mjukuu wangu. Wiki tano! Jana umeniambia usingizini, nikasema haya, afadhali amesema akiwa amelala."

Niliingoja sakafu ifunguke. Haikufunguka. Baba alinitazama, kisha akatazama dari, mabega yakaanza kumtikisika, sikujua analia au anacheka. Shwari akachuchumaa akanipa kitambaa, akasema, "Pole, dada." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Paka sasa ananing'inia kwa mikono miwili. Baba akamwita, hashuki. Shwari akamwita kwa ile sauti yake. Hashuki! (Nilifurahi. Mungu anisamehe.) Bibi akasema nyamazeni, mnamtisha. Akalivuta taulo kutoka kwenye fremu, akalitupa. Akaishika fremu. Akainuka.

Fremu mbele, mguu. Fremu mbele, mguu. Mikono ilimtetemeka kama yangu kwa daktari. Shwari alitaka kumsogelea, Bibi akamzuia kwa jicho. Nilihesabu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Mtaalamu alitaka kumi. Kutoka kwenye kiti mpaka dirishani zilikuwa kumi na moja. Akasimama chini ya pazia, akainua uso, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto kula, "Mwenyekiti, shuka. Kikao kimeisha."

Akashuka. Alishuka na kipande cha pazia, mpaka begani kwa Bibi, akausukumiza uso shingoni mwake.

Simu ya Shangazi ilikuwa imepokelewa kitambo. Mwenye mashine alikuwa anasema haloo, haloo. Shangazi akamwambia samahani, nimekosea namba. Huku machozi yanamtoka.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nzuri mno. Bibi ametembea mara mbili kabla ya chai, Mwenyekiti mbele yake, mkia juu, kama anayemsafishia njia. Mtaalamu wa viungo ameletwa kuona. Ameuliza tumetumia mbinu gani. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu, Baba akaniomba nikamletee maji.

Nimeomba msamaha. Kwa maandishi, kurasa nne, pamoja na utangulizi. Bibi alisoma ukurasa wa kwanza, akaukunja, akasema inatosha, alishanisamehe tangu hospitali. Alichokuwa anangoja ni mimi nitue mzigo. Akaniomba jambo moja tu: vitabu visikae wanapopita watu. Nikamwapia. Nililia kidogo. Yeye hakulia, alikuwa anamchana paka.

Nimelitafakari jambo zima kwa utulivu, na sioni namna ya kulipinga. Paka angefika amelala, angewekwa mapajani mwa Bibi, na Bibi angebaki amekaa. Hilo ndilo Shwari angelifanya! Aliyemfanya Bibi ainuke ni paka aliye juu ya pazia, na aliyemfikisha juu ya pazia ni mimi. Sitaki kujisifu. Nimemweleza Baba, amesema wakati wa kurudi nitakaa nyuma, na leseni tuiache kwanza.

Lakini sirudi leo. Bibi ameomba nikae wiki mbili, na Shwari amenipisha chumba chake cha juu bila kunung'unika, jambo linalonitia mashaka. Kazi ipo. Shangazi bado anamtazama Mwenyekiti kwa jicho la pembeni, kwa hiyo naandaa jedwali jipya, hatua kumi na sita, la kumfanya ampende. Nilikuwa napandisha chumbani sanduku langu la vitabu, lile lile, nililokuja nalo kwenye buti. Zito! Nimefika katikati ya ngazi, wazo lote likanijia kwa pamoja, kamili. Nimelitua pale pale, kwa muda tu, nikakimbilia hapa dirishani kuliandika kabla halijaniponyoka.

Hatua ya kwanza: Shangazi akutane na mhusika akiwa katika hali ya

Kishindo.

Ni Shangazi. Hajaumia, mtu aliyeumia hawezi kuwa na pumzi za kupiga kelele kiasi kile. Anauliza ni nani. Anauliza ni nani aliyeweka sanduku hili hapa, nani, nani. Baba anakuja mbio. Shwari anakuja polepole.

Paka yuko wapi?